Octave Chanute: Mjenzi wa Madaraja na Boriti ya Bawa

Jina la Octave Chanute halisikiki sana nje ya duru za wahandisi. Wanaosimuliwa shuleni kuhusu chanzo cha ndege hutajiwa Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili wa mji wa Dayton nchini Marekani, pamoja na tarehe 17 Desemba 1903 ambapo chombo chao chenye injini kilipaa. Hata hivyo, anayeitazama picha ya chombo hicho ataona mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakatenganishwa kwa nguzo nyembamba na kukazwa kwa nyaya za mshazari. Umbo hilo halikuzuka Dayton. Miaka 7 kabla ya siku hiyo lilikuwa tayari limeruka juu ya mchanga wa ufuo wa Ziwa Michigan, na aliyeligharimia na kulisimamia alikuwa mzee wa miaka 64 ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kujenga reli na madaraja.

Chanute alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 18 Februari 1832. Baba yake, Joseph Chanut, alikuwa msomi wa historia. Herufi ya mwisho ya jina la ukoo iliongezwa na mwanawe baadaye. Mwaka 1838 baba huyo alipata wadhifa katika Chuo cha Jefferson, jimboni Louisiana, akavuka bahari pamoja na mtoto wake wa miaka 6. Baada ya miaka kadhaa walihamia New York, na huko ndiko Octave alikokulia. Hakusomea uhandisi katika chuo chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1840, akiwa kijana wa miaka 17 hivi, alijiunga na wajenzi wa reli ya Mto Hudson, akaanza kwa kazi ya chini kabisa ya kubeba mnyororo wa kupimia ardhi. Alijifunza kwa macho na mikono, kisha akapandishwa cheo hatua kwa hatua. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1854, akamwoa Annie Riddell James mjini Peoria, Illinois, mwaka 1857, na ilipofika mwaka 1863 alikuwa mhandisi mkuu wa reli ya Chicago na Alton.

Kazi zilizompa sifa zilifuatana upesi. Mazizi makubwa ya mifugo ya Chicago, yaliyofunguliwa mwaka 1865, yalijengwa kwa mchoro wake. Kubwa zaidi lilikuwa daraja la Hannibal mjini Kansas City, lililofunguliwa tarehe 3 Julai 1869. Kabla yake hapakuwa na daraja lolote lililovuka Mto Missouri, na wengi waliamini kwamba haiwezekani kujenga moja. Mto huo una mkondo mkali, maji yake ni tope tupu, na kitanda chake cha mchanga huhamahama kiasi kwamba nguzo iliyosimama vyema leo huweza kuchimbwa chini na maji kesho. Chanute aliisimamisha misingi yake, akaiandikia kitabu mwaka 1870 pamoja na msaidizi wake George Morison, na mji mdogo wa Kansas City ukageuka kuwa njia panda ya reli za magharibi. Kuanzia mwaka 1873 hadi 1883 alikuwa mhandisi mkuu wa reli ya Erie, na ni katika kipindi hicho ambapo alishiriki katika usanifu wa daraja la Kinzua, Pennsylvania, lililokamilika mwaka 1882 likiwa na kimo cha mita 92 juu ya bonde. Baadaye alifungua biashara ya kuyatia mataruma ya reli dawa ya kreosoti ili yasioze. Biashara hiyo haikuwa na fahari yoyote, lakini faida yake ndiyo iliyogharimia majaribio ya angani. Mwaka 1891 wenzake walimchagua kuwa rais wa Chama cha Wahandisi Majenzi wa Marekani.

Mjenzi wa madaraja marefu hulazimika kuufikiria upepo. Mnamo tarehe 28 Desemba 1879 daraja la Mto Tay huko Uskoti lilianguka usiku wa dhoruba pamoja na gari la moshi lililokuwa likipita juu yake, na tangu hapo hapakuwa na mhandisi wa reli aliyeweza kuuchukulia upepo kama jambo dogo. Chanute alikuwa amekwisha kuanza kuvutiwa na suala hilo katika safari yake ya Ulaya mwaka 1875, alipokuta wahandisi wenye heshima zao wakijadili bila aibu uwezekano wa mtu kuruka. Huko nyumbani jambo hilo lilihesabiwa kuwa kichaa, naye alikuwa na cheo cha kulinda. Aliyakunja makaratasi yake, akayaweka kando kwa takriban miaka 10.

Alipoyafungua tena, alifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa ukamilifu kama huo: alikusanya habari za kila jaribio la kuruka alilolisikia, akaeleza chombo kiliundwa vipi na kwa nini kilishindwa. Makala hayo yalitoka katika jarida la wahandisi wa reli kuanzia mwaka 1891, na mwaka 1894 yakachapishwa kama kitabu, Progress in Flying Machines. Mwaka mmoja kabla, wakati wa maonyesho makubwa ya Chicago, alikuwa amesaidia kuandaa mkutano wa kimataifa wa usafiri wa angani. Aliandikiana barua na watu wa mabara kadhaa. Mmoja wao alikuwa Louis Mouillard, Mfaransa aliyeishi Cairo, Misri, na ambaye kwa miaka mingi aliwatazama tai wa Afrika Kaskazini wakielea bila kupiga mabawa. Chanute alimsaidia kwa fedha na kumpatia hataza huko Marekani.

Katika kuyachambua majaribio ya wenzake, Chanute aliona matatizo mawili yakijirudia. La kwanza lilikuwa mizani ya chombo hewani. La pili, ambalo yeye alikuwa na ujuzi nalo kuliko wote waliomtangulia, lilikuwa nguvu ya bawa lenyewe. Inafaa kulifafanua tatizo hili la pili, maana bila hilo mchango wake hauwezi kupimwa.

Bawa lina uti wake, yaani boriti inayotoka kwenye kiwiliwili cha ndege hadi ncha. Hewa hulisukuma bawa kwenda juu katika urefu wake wote, ilhali uzito wa mtu na mashine hulivuta chini pale katikati. Matokeo ni kwamba boriti hutaka kupinda, ncha zikienda juu. Ikiwa boriti imeshikiliwa kwenye shina pekee, kama tawi linaloshikiliwa na mti, basi kupinda kote hurundikana pale shinani. Kipimo cha jambo hili, ambacho wahandisi hukiita momenti ya kupinda, hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka shinani. Ubaya wake ni kwamba bawa likirefushwa mara mbili, na mzigo kwa kila mita ukabaki uleule, momenti huongezeka mara nne.

Chukua bawa moja lenye urefu wa mita 5, linalosukumwa na hewa kwa nyutoni 1,000 katika kila mita. Likishikiliwa shinani tu, momenti ya kupinda pale shinani ni nyutoni-mita 12,500. Sasa litiwe gadi moja, yaani mti wa kuegemeza unaotoka chini ya kiwiliwili na kushikana na boriti umbali wa mita 3 kutoka shinani, huku shina lenyewe likifungwa kwa pini inayoweza kuzunguka. Momenti kubwa kabisa katika boriti huhamia mahali gadi inaposhika, na huwa nyutoni-mita 2,000 pekee, chini ya sehemu moja kwa sita ya ile ya kwanza. Boriti iliyohitaji kuwa nene kama mguu wa meza inaweza kuwa nyembamba kama fito. Mabaharia wa pwani wanaifahamu kanuni hii bila hesabu: mlingoti wa jahazi haukazwi na unene wake tu, bali pia na kamba zinazouvuta kutoka ubavuni.

Hata hivyo, kani hazipotei, huhamishwa tu. Gadi hiyo huvutwa kwa nyutoni zipatazo 11,200 ikiwa mwanzo wake uko mita 1.2 chini ya boriti. Kwa kuwa imelala kimshazari, huivuta boriti si kwenda chini tu bali pia kuelekea kiwiliwilini, na hivyo sehemu ya boriti iliyo kati ya gadi na shina hugandamizwa kwa nyutoni 10,400 hivi. Boriti nyembamba inayogandamizwa kwenye ncha zake huweza kubonyea ghafla, jinsi rula ya plastiki inavyobonyea ikibanwa kati ya viganja. Tena, ikiwa imeshapinda kidogo kwa mzigo wa hewa, mgandamizo huo huongeza upindaji. Msanifu anayefurahia nafuu ya gadi na kusahau mgandamizo hujenga bawa litakalovunjika bila kutoa ishara. Aidha, ndege ikikumbwa na upepo unaosukuma kwenda chini, au ikitua kwa kishindo, kani zote hugeuka: gadi iliyokuwa ikivutwa sasa hugandamizwa, na iwapo ni waya badala ya mti, hulegea na kutofaa kitu. Jambo hili la mwisho lilikuja kugharimu maisha ya marubani wengi wa Ufaransa. Mwaka 1912 Louis Blériot alilazimika kulieleza jeshi la nchi yake kwamba nyaya za upande wa juu wa ndege za bawa moja zilikuwa dhaifu mno, na jeshi likasimamisha matumizi ya ndege hizo kwa muda.

Siri ya nafuu yote hii ni kina. Boriti ya mbao yenye kina cha sentimita 15 inapobeba momenti ya nyutoni-mita 12,500, pande zake za juu na chini hulazimika kusukuma na kuvuta kwa zaidi ya nyutoni 80,000. Kina hicho kikiwa mita 1.2, kani hushuka hadi 10,400, mara 8 chini. Gadi hulipatia bawa kina bila kulijaza mbao. Hadi leo ndege ndogo nyingi, kama zile za Cessna 172 na Caravan ambazo wasafiri wa Uwanja wa Wilson jijini Nairobi wanazijua vyema, zina gadi moja kila upande chini ya bawa, na kazi yake ni hiyohiyo.

Njia ya Chanute ya kupata kina ilitoka moja kwa moja katika madaraja. Mwaka 1844 Thomas na Caleb Pratt wa Marekani walikuwa wamepata hataza ya aina ya kenchi ambayo wajenzi wa reli waliipenda mno: boriti moja juu, moja chini, nguzo za wima katikati, na vyuma vya mshazari vinavyokatiza kila chumba. Katika kenchi hiyo nguzo za wima hugandamizwa, nazo ni fupi, kwa hivyo hazibonyei kwa urahisi. Vyuma vya mshazari huvutwa, na kitu cha kuvutwa kinaweza kuwa chembamba sana. Kwa mjenzi wa ndege huu ni mpango wa ajabu, kwa sababu vyuma vya mshazari vinaweza kuwa nyaya tu. Isitoshe, upindaji wa daraja na wa bawa hufanana. Daraja hushikwa kwenye kingo mbili na kulemewa katikati. Bawa hushikwa na hewa kote kote na kulemewa katikati na mtu. Kwa vyote viwili upande wa juu hugandamizwa na wa chini huvutwa. Chanute alikuwa ameyafanyia hesabu madaraja kwa zaidi ya miaka 20. Alichohitaji kukifanya ni kuzivisha kitambaa boriti za juu na za chini za kenchi, zikawa mabawa.

Haifai kudai kwamba yeye ndiye wa kwanza kufikiria mabawa ya ghorofa. Mwingereza Francis Wenham alikuwa ameyapendekeza mwaka 1866, na mwenziwe John Stringfellow akaonyesha mfano mdogo wa mabawa matatu mwaka 1868. Kilichokosekana kwao ni ukazaji wa kihandisi, wenye njia ya kila kani inayoweza kufuatwa kwa kalamu kutoka nchani hadi katikati.

Mnamo Juni 1896 Chanute alipiga kambi kwenye vilima vya mchanga vya Miller, jimboni Indiana, mashariki mwa Chicago. Aliandamana na Augustus Herring, kijana mhandisi aliyekwisha kuunda glaida za aina ya Mjerumani Otto Lilienthal, fundi seremala William Avery, na baharia mmoja mzaliwa wa Urusi. Glaida ya Lilienthal ilijaribiwa kwanza, ikaonekana kuwa ya hatari, ikaachwa. Majuma machache baadaye, tarehe 10 Agosti, Lilienthal mwenyewe alifariki kutokana na majeraha aliyoyapata siku iliyotangulia, glaida yake ilipoanguka karibu na Berlin. Chombo cha Chanute mwenyewe kilikuwa na jozi 6 za mabawa, na vijana wakakipa jina la mdudu jamii ya panzi. Jozi hizo zilihamishwa mara kwa mara, mbele, nyuma, juu, huku manyoya mepesi yakirushwa mbele ya chombo ili kuonyesha njia za hewa baina ya mabawa. Kazi hiyo ilikuwa ya subira, na yeyote aliyeona mzee wa mvi akikimbiza manyoya ufukweni angesamehewa kwa kucheka.

Kambi ya pili, kuanzia mwisho wa Agosti, ndiyo iliyoleta chombo kinachokumbukwa. Kilianza na mabawa matatu, lakini la chini liliondolewa. Yakabaki mawili, kila moja likiwa na urefu wa mita 4.9 hivi kutoka ncha hadi ncha, yakiunganishwa kwa nguzo za wima na nyaya za chuma za mshazari kwa mpango wa Pratt. Eneo la mabawa lilikuwa mita za mraba 12.5, na chombo kizima kilikuwa na uzito wa kilo 10.4. Yaani kila mita ya mraba ya bawa, pamoja na boriti, nguzo, waya, hariri na mkia, haikufika hata kilo moja, na juu ya hayo yote kilimbeba mtu mzima. Herring aliteleza nacho hewani hadi umbali wa mita 109. Majaribio yalirudiwa mara nyingi, na hakuna aliyeumia. Baadaye Herring alidai kwamba chombo kilikuwa chake. Mkia uliofungwa kwa namna ya kuregarega ulikuwa kweli wazo lake. Mpango wa kenchi, hata hivyo, una sahihi ya mjenzi wa madaraja.

Chanute alikifanyia chombo hicho jambo ambalo si kila mvumbuzi angelifanya. Alichapisha maelezo, vipimo na michoro yake mwaka 1897, akamwachia kila mwenye kutaka aige. Alikuwa na hataza moja ya glaida ya awali, aliyoipata mwaka huohuo, lakini hakuitumia kumzuia mtu. Aliamini kwamba kuruka kutapatikana kwa maarifa yanayopitishwa kutoka mkono hadi mkono, kama ilivyokuwa kwa madaraja.

Mwezi Mei 1900 alipata barua kutoka kwa Wilbur Wright, muuzaji na mtengenezaji wa baiskeli. Urafiki ulianza, na barua mamia kadhaa zikafuata katika miaka 10 iliyofuata. Ndugu hao waliuchukua mpango wa mabawa mawili yaliyokazwa kama ulivyokuwa, ila kwa badiliko moja ambalo kwa macho ya haraka ni dogo. Waliziacha nyaya za mshazari zinazokaza bawa katika urefu wake, kutoka katikati kuelekea ncha. Zile za mshazari zilizounganisha nguzo za mbele na za nyuma walizitoa. Kwa hivyo boriti ziliendelea kuukinza upindaji kama za daraja, lakini mabawa yenyewe yaliweza kupotolewa kwa makusudi, ncha moja ikiinuka na nyingine ikishuka, rubani akapata njia ya kuuzuia mlalo wa chombo. Hapo ndipo mwanafunzi alipompita mwalimu. Kwa Chanute, kenchi iliyolegezwa kwa makusudi ilikuwa kinyume cha mazoea ya maisha yake yote. Yeye alitafuta chombo ambacho kingejiweka sawa chenyewe hewani. Wao walitaka chombo kinachomtii mtu. Alizuru kambi yao huko North Carolina mwaka 1901, 1902 na 1903, akayaona mabawa yakipotolewa mbele yake, na bado dalili zote zinaonyesha kwamba hakuutambua uzito wa jambo hilo. Mwezi Novemba 1903 baridi ilimfukuza kambini majuma machache kabla ya siku kuu yenyewe.

Hata hivyo, deni la ndugu hao kwake halikuwa la nyaya tu. Yeye ndiye aliyempa Wilbur nafasi ya kuhutubia wahandisi wa Chicago mnamo Septemba 1901, wakati ambapo Wilbur alikuwa amekata tamaa kutokana na matokeo mabaya ya majira ya joto. Alimtia moyo, akamwuliza maswali, akamtumia vitabu.

Mfarakano ulitokea polepole. Mwezi Aprili 1903 Chanute alitoa mhadhara kwa klabu ya warukaji jijini Paris, akaeleza majaribio ya akina Wright pamoja na yake. Wafaransa walitoka pale wakiwa na hamu mpya, na haukupita muda mrefu kabla ya mabawa mawili yenye nguzo na nyaya kuanza kuundwa Ufaransa. Kwa Chanute hiyo ilikuwa desturi ya wahandisi. Kwa ndugu wawili waliokuwa wametia fedha na maisha yao katika kazi hiyo, na ambao walipata hataza yao mwaka 1906, ilikuwa kama mzee kuwafungulia jirani ghala lao. Isitoshe, wasikilizaji wengine walielewa kwamba ndugu hao walikuwa wanafunzi wanaotekeleza maagizo yake, na Chanute hakufanya bidii ya kutosha kuwasahihisha. Hapo lawama ni yake.

Akina Wright walipoanza kuwashtaki washindani mahakamani, Chanute alichukizwa. Aliwaambia watu wa magazeti kwamba wazo la kupotoa mabawa lilikuwapo kabla yao, akikumbuka maandishi ya Mouillard wa Cairo. Mwezi Januari 1910 Wilbur alimwandikia barua kali, naye akajibu kwa ukali, akiwatuhumu kwa kupenda utajiri. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Upotoaji kama walivyoufanya akina Wright, ukiunganishwa na usukani wa nyuma, ulikuwa wao bila shaka. Na ni kweli pia kwamba wasingeufikia upesi vile lau wengine wangeficha walichokijua. Katika majira ya kuchipua ya mwaka huo barua za upole zilianza kupita tena. Chanute, aliyekuwa na miaka 78 na afya dhaifu, alieleza matumaini ya kuurudia urafiki wao baada ya safari yake ya Ulaya. Huko alishikwa na kichomi. Alirejeshwa Chicago, akafariki tarehe 23 Novemba 1910 kabla ya wawili hao kukutana tena.

Wilbur Wright alimwandikia tanzia iliyochapishwa Januari 1911, akakiri kwamba bila juhudi za mzee huyo historia ya kuruka ingekuwa tofauti kabisa. Mwaka uliofuata Wilbur naye alifariki, akiwa na miaka 45. Ndege ya Mjerumani Hugo Junkers, ambayo bawa lake lilikuwa nene kiasi cha kuficha boriti zake zote ndani bila gadi wala waya wa nje, ilipaa Desemba 1915. Lakini ndege nyingi za vita vile, na za miaka mingi baada yake, zilibaki na ghorofa mbili na nyaya za mshazari. Mji wa Chanute huko Kansas, uliopewa jina la mhandisi wa reli tangu miaka ya 1870, bado upo. Daraja la Kinzua, lililojengwa upya kwa chuma cha pua mwaka 1900 juu ya misingi yake ya awali, liliangushwa kwa sehemu kubwa na tufani mwezi Julai 2003. Chanute mwenyewe alizikwa Peoria, mji aliokuwa ameoa zaidi ya miaka 50 kabla.